Uhaba si Kiasi



Yapo maneno mawili ambayo huchanganywa mno katika mazungumzo ya kila siku, na kuchanganywa kwake kumeleta hasara kubwa. Neno la kwanza ni uhaba. La pili ni kiasi. Mtu asiye na viatu kwa kuwa hakuvipata ana uhaba. Mtu mwenye jozi mbili, ambaye ameiona jozi ya tatu dukani, akajiuliza itamfanyia kazi gani, akaiacha ingawa fedha anayo mfukoni, huyo ana kiasi. Kwa nje wawili hawa wanaweza kufanana. Lakini wa kwanza amenyimwa, na wa pili ameamua.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba nchi hii ilipata kuuondoa uhaba wa bidhaa madukani bila kukijenga kiasi ndani ya watu. Leo anayelipa gharama ya upungufu huo, katika wilaya za Tarime na Serengeti kama kwingineko, ni mtumishi mwenye mshahara. Na nyuma ya mtumishi huyo, mtoto aliyeketi darasani.

Yafaa kuanza na historia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo ilikuja vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ya petroli ikapanda duniani kote. Fedha za kigeni zikaadimika, viwanda vikakosa malighafi, na maduka yakawa na rafu tupu. Sabuni ilipangiwa foleni tangu alfajiri. Aliyekosa alifua kwa majani ya mpapai. Huko Tarime, ambako Kenya haiko mbali, kahawa na ng'ombe walivushwa kwa njia za panya usiku, na sabuni, mafuta ya kupikia na nguo vikarudi kwa njia zile zile. Magendo yakawa kazi ya watu wazima na vijana. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, Serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi.

Wapo wanaousimulia wakati ule kana kwamba ulikuwa wakati wa maadili, watu wakiishi kwa unyofu bila anasa. Simulizi hilo halina ukweli kamili. Kukosa sabuni si adili. Mama aliyemwogesha mtoto bila sabuni hakuwa ameamua jambo lolote, alikuwa ameamuliwa. Ushahidi ulikuja upesi. Kuanzia mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, maduka yalijaa tena, na kiu iliyokuwa imezuiwa ilifunguka kama maji ya bwawa lililobomoka. Kama hali ya awali ingalikuwa kiasi, isingaliyeyuka mara moja namna ile. Iliyeyuka kwa sababu ilikuwa uhaba tu, na uhaba haumfundishi mtu kuchagua. Aghalabu humfundisha kunyakua.

Je, wazee wa zamani walikuwa na kiasi? Swali hili linahitaji jibu la haki. Katika jamii ya Wakurya utajiri ulikuwa ng'ombe. Ng'ombe alitoa maziwa na samli, alilipa mahari, alikomboa ugomvi, na alichinjwa siku ya shughuli. Mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika zizi moja. Aliitawanya kwa ndugu na marafiki waifuge, ili ugonjwa au wavamizi wasije wakammaliza kwa usiku mmoja. Rafiki aliyefuga alipata maziwa, na mwenye mali alipata usalama. Kwa hiyo hata mali ya mtu mmoja ilikuwa na kazi katika nyumba nyingi. Katika hilo lipo somo kubwa: mali ilipimwa kwa kazi yake na kwa watu iliowaunganisha.

Lakini mgala muue na haki yake mpe, na mzee naye asifiwe pale anapostahili tu. Tamaa haikuletwa Tarime na redio wala na simu. Mahari ya Wakurya ilipata kupanda hadi kufikia makumi ya ng'ombe, na mara kadhaa watawala wa kikoloni na mabaraza ya wenyeji walijaribu kuiwekea mpaka. Wizi wa ng'ombe kati ya koo na koo, na hata kuvuka mpaka wa nchi, uliua vijana wengi. Na baada ya vita ya mwaka 1979 silaha za moto ziliufanya kuwa mbaya zaidi. Wako mabinti ambao mpaka sasa hukeketwa na kuozwa mapema kwa sababu zizi la baba linasubiri mahari. Mzazi anayemwona mtoto wa kike kama hesabu ya mifugo ana tamaa ile ile ya mtu anayeuza uamuzi wake kwa ajili ya gari. Hivyo basi dawa si kurudi nyuma. Dawa ni kutambua kwamba kila zama zina ng'ombe wake, na katika kila zama mtu hana budi kujiuliza: ng'ombe huyu ananitumikia, au mimi ndiye ninayemtumikia?

Zama hizi ng'ombe wamebadilika sura. Mfano mmoja uko Nyamongo, wilayani Tarime, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mgodi unapopanuka, wenye ardhi hulipwa fidia. Kutokana na fidia hiyo lilizaliwa neno ambalo kila mkazi wa eneo hilo analijua: tegesha. Kutegesha ni kujenga kwa haraka kibanda au nyumba isiyokusudiwa kukaliwa na mtu, au kupanda miti na mazao kwa msongamano, kwa matumaini kwamba mthamini atakapopita vitahesabiwa na kulipwa. Mtu anaweza kuwalaumu wanaotegesha, na mwingine anaweza kuwatetea kwamba ardhi waliyopoteza ilikuwa na thamani kuliko walicholipwa. Malalamiko ya fidia yapo, tena ni mazito, nayo yana mahali pake pa kuamuliwa. Lakini kwa mazungumzo haya yatosha kuutazama ule ukuta. Nyumba isiyo ya kulala mtu, iliyosimamishwa ili ionekane tu, ni picha kamili ya uchumi wa matumizi. Kitu hakijengwi kwa ajili ya kazi yake. Kinajengwa kwa ajili ya jicho la anayepita.

Na wangapi wanategesha wasioishi Nyamongo? Ofisa anayenunua seti ya makochi kwa mkopo ili mgeni akiingia ashtuke, ametegesha. Mwalimu anayebadili simu kila mwaka kwa kuwa mwenzake amebadili, ametegesha. Familia inayofanya harusi ya mamilioni na kubaki na deni la ukumbi, chakula na mapambo, imetegesha. Tofauti ni moja tu: huyu wa mjini hana mthamini atakayemlipa fidia. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Wilaya jirani ya Serengeti inatoa funzo la namna nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, huvutia wageni kutoka pande zote za dunia. Humo zipo kambi za mahema ambamo mgeni aliyelipa fedha nyingi hulala chini ya turubai, huota moto wa kuni jioni, na huogea maji yaliyopashwa moto na kuletwa kwa ndoo. Mgeni huyo ametoka katika nyumba yenye kila kitu, na sasa analipa ili apewe, kwa siku chache, maisha yenye vitu vichache. Nje ya hifadhi, katika vijiji vya Waikoma, Wanata na Waisenye, yuko mama anayebeba ndoo ya namna ile ile kichwani kutoka kisimani. Ndoo ni moja, lakini maana ni mbili. Kwa mgeni ndoo ni kiasi kilichonunuliwa. Kwa mama ni uhaba usioombwa. Atakayemwambia mama yule kwamba ana bahati ya kuishi maisha ya asili atakuwa anamdhihaki. Anachodai mama ni bomba, na ni haki yake.

Tofauti hiyo iko hata kwa Henry David Thoreau, Mmarekani anayetajwa sana duniani kwa kuishi kwa vitu vichache. Mwaka 1845 alijenga kibanda kando ya ziwa dogo la Walden katika jimbo la Massachusetts, akakaa humo kwa miaka miwili na miezi miwili, akilima maharage na kuandika hesabu ya kila senti aliyotumia. Swali lake lilikuwa zuri: kitu hiki kinanigharimu siku ngapi za maisha yangu? Hilo ni swali ambalo kila mtumishi angefaa kulibandika ukutani. Hata hivyo Thoreau alikuwa msomi wa chuo kikuu cha Harvard, ardhi ilikuwa ya rafiki yake, na siku alipotaka kuondoka aliondoka. Mkulima wa Tarime hawezi kuondoka katika umaskini kwa kufunga mlango tu. Kwa hiyo wito wa kuishi kwa kiasi hauelekezwi kwanza kwa asiye na kitu. Unaelekezwa kwa mwenye mshahara, mwenye cheo na mwenye uwezo wa kuchagua.

Hapa ndipo hatari ilipo kwa watumishi. Mshahara wa mwalimu si mkubwa, na hakuna busara katika kujidanganya kwamba unatosha kila haja. Lakini yapo mambo mawili yanayoula: haja na maonyesho. Haja hujulikana kikomo chake. Debe la mahindi lina ujazo wake, na ada ya mtoto ina tarehe yake. Maonyesho hayana kikomo, kwa sababu kipimo chake ni jirani, na jirani naye anamtazama jirani mwingine. Mshahara ukiisha kabla ya mwezi, mkopo huingia.

Kanuni za utumishi zimejaribu kumlinda mtumishi. Makato hayatakiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara wake wa msingi, ili theluthi moja ibaki kwa chakula na mahitaji ya nyumbani. Ulinzi huo ni mzuri, lakini una tundu. Mkopeshaji wa mitaani hapiti Hazina. Yeye humwomba mteja kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, na siku ya mshahara yeye ndiye anayesimama mbele ya mashine ya fedha. Ile theluthi iliyolindwa na sheria hukabidhiwa kwa mkono wa mwenyewe. Wananchi wameipa mikopo ya namna hiyo jina linalostahili: kausha damu.

Chukua mfano mdogo. Mtumishi anakopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 90,000. Asipoweza kulipa zaidi ya riba, baada ya miezi 6 atakuwa ametoa shilingi 540,000, na lile deni la shilingi 300,000 bado limesimama kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Hakuna mkulima wa zamani aliyempa rafiki ng'ombe kwa masharti ya namna hii. Bunge lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili wakopeshaji wasajiliwe na kusimamiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hizo ni za lazima. Lakini sheria humzuia mkopeshaji. Haizuii tamaa ya mkopaji kumtafuta mwingine.

Madhara yake hayaishii nyumbani kwa mwenye deni. Mtumishi mwenye deni la namna hiyo ana mabwana wawili, na bwana wa pili hachelewi kazini. Mwalimu huacha kipindi ili amkwepe au amfuate mkopeshaji. Huingia darasani akiwa na hesabu nyingine kichwani kuliko ile iliyo ubaoni. Mtumishi wa idara ya ardhi, wa forodha, wa mahakama au wa ununuzi naye hufikiwa na mtu mwenye bahasha ambaye amekwisha kuchunguza kwamba ofisa huyu amebanwa. Rushwa haianzi siku bahasha inapopokelewa. Huanza siku ofisa alipopanga maisha ambayo mshahara wake hauwezi kuyabeba. Hii ndiyo sababu kiasi kwa mtumishi wa umma si suala la ladha wala la uchaji peke yake. Ni suala la uhuru. Asiyehitaji kitu chako huwezi kumnunua.

Mkoa wa Mara unaye mfano wa jambo hili ambao si wa kutafutwa mbali. Julius Nyerere wa Butiama alikuwa mwalimu mwenye shahada wakati ambapo Waafrika wenye shahada nchini walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1955 aliuacha mshahara wa ualimu Pugu kwa sababu siasa ya ukombozi na ajira ile havikuweza kwenda pamoja. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ikiwemo sehemu ya mshahara waliyotakiwa kuitoa. Yeye kama Rais aliwafukuza karibu 400. Lakini siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wanaweza kubishana juu ya adhabu ile kwa wanafunzi. Juu ya mshahara, hoja yake ilikuwa wazi: anayewataka wengine wajinyime hana budi kuanza na mfuko wake.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi. Kiongozi hakutakiwa kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, ukurugenzi katika kampuni ya kibepari, wala nyumba ya kupangisha. Na masharti hayo yaliwahusu pia watumishi wa ngazi za kati na za juu. Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Mwalimu alikuwa amekwisha kustaafu urais mwaka 1985 na kurudi kijijini kwake kulima. Hapana haja ya kurudia hapa ubishi wote wa maamuzi hayo. Yatosha kusema kwamba masharti yaliyoandikwa yanaweza kufutwa kwa kikao kimoja, lakini masharti ambayo mtu amejiwekea mwenyewe hayafutiki mpaka ayafute yeye. Kosa la zamani lilikuwa kutegemea mno karatasi. Maduka yalipofunguka na karatasi ilipobadilishwa, waliobaki imara ni wale tu ambao walikuwa wameamua.

Kutokana na hayo, yapo mambo manne ambayo mtumishi wa Tarime, Mugumu au Sirari anaweza kuyatenda bila kusubiri waraka wowote.

Kwanza, aamue kabla ya mshahara, si baada yake. Fedha isiyopangiwa kazi hupangiwa na dukani. Mume na mke wakae na daftari, waandike yaliyo haja na yaliyo maonyesho, na wakubaliane juu ya kipimo cha "inatosha". Nyumba isiyokuwa na kipimo hicho haitashiba hata mshahara ukiongezwa mara tatu.

Pili, kila kinachonunuliwa kiulizwe: kinafanya kazi au kinasema? Pikipiki inayompeleka mwalimu shuleni kwa wakati, umbali wa maili kadhaa, inafanya kazi. Taa ya umeme wa jua inayomwezesha mtoto kusoma usiku inafanya kazi. Kuishi kwa kiasi si kuikataa mitambo ya kisasa wala kupenda giza. Ni kukataa kununua vitu ambavyo kazi yake pekee ni kumsemea mwenye navyo kwamba yeye ni mtu.

Tatu, kiasi kiwe cha pamoja. Mtumishi mmoja hawezi kushindana na michango ya harusi, ya sherehe za kuagwa bibi harusi na ya sikukuu za kuzaliwa, maana akikataa peke yake huitwa mchoyo. Lakini walimu wa shule moja wakikubaliana kiwango kidogo kwa kila shughuli, na fedha inayobaki ikaingia katika chama chao cha akiba na mikopo, hakuna atakayeaibika. Akiba ya pamoja ndiyo zizi la kisasa lililotawanywa kwa marafiki. Humo mtu hukopa kwa riba anayoijua, kwa wenzake anaowajua, kwa jambo lililojadiliwa.

Nne, jambo hili lifundishwe. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 haikuwa na maana ya jembe peke yake. Ilikuwa na maana ya akili inayojitegemea. Hesabu za riba, faida na hasara zimo katika masomo ya shule za msingi. Mwalimu na aache kuuliza habari za mfanyabiashara asiyejulikana, amwekee mwanafunzi ubaoni deni la shilingi 300,000 lililotajwa hapo juu, na amwombe akokotoe litakavyokuwa baada ya mwaka. Mtoto wa Nyamongo aliyeielewa hesabu hiyo akiwa darasa la sita atakuwa na kinga ambayo baba yake hakuipata. Lakini hesabu hiyo haiwezi kufundishwa vema na mwalimu ambaye kadi yake iko mfukoni mwa mkopeshaji. Watoto hujua. Katika kijiji hakuna deni lililo siri.

Ipo hoja moja ya kujibiwa kabla ya kumaliza. Itasemwa kwamba maneno haya yanawapa waajiri kisingizio cha kuwalipa watumishi kidogo, kuchelewesha stahili zao na kuwaambia waishi kwa kiasi. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Kiasi kinachohubiriwa na mwenye magari matatu kwa mwenye baiskeli ni dhihaka. Malimbikizo ya mwalimu ni deni la mwajiri, na deni hulipwa. Kwa hakika mtumishi mwenye kiasi ndiye anayeweza kudai haki yake kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa hana cha kuficha na hana anayemshika shati. Anayeishi kwa hisani ya mkopeshaji hunyamaza, kwa hofu ya kupoteza hata kile kidogo alichobakiwa nacho.

Maduka ya Tarime na Mugumu hayatafungwa, wala hayafai kufungwa. Malori yataendelea kupita Sirari, matangazo yataendelea kuingia ndani ya simu, na dhahabu itaendelea kuchimbwa mpaka iishe. Hakuna atakayerudisha rafu tupu za mwaka 1982, na heri iwe hivyo. Kazi iliyobaki ni ngumu kuliko ile ya kustahimili uhaba, kwa sababu safari hii hakuna wa kumlaumu wala wa kumshurutisha: ni kusimama mbele ya duka lililojaa, na fedha ikiwa mfukoni, kisha kujua ni nini cha kuchukua na ni nini cha kuacha. Mtumishi anayeweza hilo ni mtu huru, na umma unaohudumiwa na watu huru hauna haja ya kununua haki yake.